Mafundi wapo, tangazo lako ndilo linalowafukuza

Jumatatu asubuhi, chai bado iko moto, simu inalia. Meneja wa kiwanda kimoja huku Industrial Area. "Madamu, tumetangaza wiki sita nzima. Nairobi hii haina mafundi." Maneno hayo nimeambiwa mara nyingi tangu Januari, na huwa najibu kwa upole. Leo nimeamua kuyajibu kwa maandishi, ili atakayeniambia tena nimtumie ukurasa huu.

Kazi yangu ni kuwatafutia viwanda watu wa karakana: wachomeleaji, mafundi mitambo, mafundi umeme, waendesha foklifti. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Ofisi yangu iko hatua chache kutoka Enterprise Road, na kila asubuhi napita katikati ya watu waliosimama kwenye malango ya viwanda tangu kabla ya saa kumi na mbili, wakingoja kibarua. Wengi wametoka Mukuru kwa miguu. Miongoni mwao wamo wanaoijua kazi ileile ambayo meneja aliye ndani ya lango anaapa haina mtu.

Nilimwomba anitumie tangazo lake. Lilitaka digrii ya uhandisi mitambo, au diploma kwa uchache. Uzoefu wa miaka mitano katika kiwanda cha vyakula. Umri usiozidi miaka 30. Cheti cha tabia njema, cha KRA (mamlaka ya kodi), cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na cha CRB (taarifa za madeni), vyote viambatishwe. Kazi yenyewe? Kuchomelea mabomba ya maziwa.

Piga hesabu nami. Kijana anamaliza digrii akiwa na miaka 23 au 24. Ongeza mitano ya kiwanda cha vyakula. Umebakisha mwanya wa mwaka mmoja, labda miwili, kabla hajagonga 30 na kuambiwa ni mzee. Na katika mwanya huo unamtaka mhandisi ambaye miaka yote hiyo alikuwa ameshika tochi ya kuchomelea badala ya kusimamia wanaoishika. Mtu huyo hayupo Nairobi, wala Nakuru, wala Eldoret. Umemtafuta mtu asiyezaliwa, kisha ukaulaumu mji.

Vyeti hivyo vinne nitavipita haraka. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: usimdai mwombaji vyeti hivyo kabla hujakusudia kumpa mkataba. Ilirekebishwa kwa sababu vijana walikuwa wakitumia pesa za kula kununua karatasi za kuambatisha kwenye maombi ambayo hayakujibiwa. Miaka imepita, na bado naona matangazo yanayodai vyote siku ya kwanza. Yaondoe leo.

Sasa hiyo miaka mitano, ambayo ndiyo inayoniudhi hasa.

Ukiniambia mtu ana uzoefu wa miaka mitano wa kuchomelea, hujaniambia kitu. Alichomelea nini? Kwa njia gani? Nani aliikagua kazi yake, na ilipokataliwa alifanya nini? Mwaka juzi niliwaweka mezani watu wawili kwa kazi inayofanana na hii. Wa kwanza alikuwa na miaka saba kwenye kiwanda kikubwa, barua nzuri, bahasha ya kaki imejaa. Wa pili alikuwa na miaka mitatu, yote Kariobangi Light Industries, mtaa wa karakana ndogondogo, hana barua hata moja kwa sababu aliyemwandika kazi hana hata mhuri. Meneja aliyenituma alikwishamchagua wa kwanza kabla hawajaketi.

Tukauliza. Yule wa miaka saba alikuwa akichomelea malango, mikokoteni ya kubebea mizigo na vyuma vya rafu, vyote kwa rodi ya kuchomelea ya 6013, ile inayopatikana katika kila duka la vifaa. Kazi halali kabisa, na aliifanya vizuri. Yule wa Kariobangi alikuwa akitengeneza matangi ya zile mashine za kuuzia maziwa mitaani, tunazoziita ATM za maziwa. Maana yake, kila siku kwa miaka mitatu alikuwa akichomelea chuma kisichoshika kutu kwa TIG, njia ya umeme ambayo gesi hukinga kiungo, kwenye chombo kinachoguswa na maziwa, huku mwenye mashine akimulika tochi ndani ya tangi kabla ya kulipa. Kwa tangazo la "kiwanda cha vyakula", wa pili asingefika hata langoni.

Kwa hiyo mimi sisomi miaka. Naandaa jaribio la kazi. Nina mzee mmoja, mchomeleaji mstaafu, ninayemlipa kwa siku kuja kusimamia. Karibu yote ninayoyajua kuhusu kazi hii ni yeye aliyenifundisha, na nimeyaandika kwenye madaftari matatu.

Kwa mabomba ya maziwa tunampa mtu vipande viwili vya bomba na mchoro wa ukurasa mmoja, tunamwonyesha gesi ya agoni, mashine na meza ya vifaa, kisha tunanyamaza. Mezani Mzee huweka diski ya grainda iliyokwisha kutumika kwenye chuma cha kawaida. Anayejua ataiangalia na kuuliza, "Hii diski imegusa chuma gani?" Au ataisukuma kando aombe mpya. Diski iliyosaga chuma cha kawaida huacha chembe zake kwenye chuma kisichoshika kutu, na baada ya wiki chache utaona madoa ya kutu mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kutu. Hilo hutokea katika dakika tano za kwanza, kabla cheche haijaruka, na mara nyingi Mzee huniangalia tu na kutikisa kichwa au kutabasamu.

Kisha tunatazama kama ataijaza agoni ndani ya bomba, si juu yake tu. Asipofanya hivyo, upande wa nje unaweza kupendeza, lakini ndani chuma kitaungua na kuacha gamba jeusi lenye chengachenga. Ndani ya bomba la maziwa gamba hilo ni janga. Masalio ya maziwa yanashika hapo, maji ya kuoshea hayayafikii, na vijidudu vinapata makao. Ndiyo maana tunalipasua bomba katikati na kuangalia ndani. Nje wachomeleaji wengi wanafanana. Ndani ndiko wanakoachana.

Kwa kazi za miundo mizito tunauliza swali moja tu kabla ya jaribio: rodi za 7018 unaziwekaje? Atakayesema "kwenye boksi, stoo" tunamshukuru. Atakayetaja oveni, au hata sanduku alilolitengeneza mwenyewe lenye balbu ya kuzipasha, huyo anajua kwamba rodi hizo zikinyonya unyevu, hidrojeni inaingia kwenye chuma na kiungo kinaweza kupasuka saa nyingi baadaye, watu wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani. Wa sanduku la balbu namheshimu zaidi ya wa oveni.

Jaribio zima linachukua nusu siku. Tunamlipa kila anayekuja, awe amefaulu au la, kwa sababu ameacha kibarua cha siku hiyo. Mwajiri anayekataa kulipia nusu siku simfanyii kazi.

Najua swali linalofuata, maana huulizwa kwa sauti ya ushindi: kwa hiyo cheti hakina maana? Kina maana, na hapa ndugu zangu wa jua kali, mafundi wa karakana zisizo rasmi, nao wanisikilize. Cheti kizuri kinaniambia mtu anaweza kusoma mchoro. Hilo si dogo. Nimewahi kumpeleka kazini fundi mwenye mkono wa ajabu, na wiki ya pili alikata mabomba kumi kwa kipimo kisicho chake kwa sababu alama kwenye mchoro hazikumwambia kitu, na aliona aibu kuuliza. Lile lilikuwa kosa langu. Jaribio letu siku hizo halikuwa na mchoro. Na kuna kazi ambazo bila karatasi hazifanyiki, kwa haki kabisa. Fundi wa kufunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ya daraja linalolingana na kazi hiyo, na hapo sina mjadala na mtu.

Lakini cheti kinaweza kufuata ujuzi. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani pale Commercial Street, hutahini mafundi kwa gredi III, II na I, na wengi wanaofanya mtihani huo walijifunzia kazini. Tangu sheria ya mwaka 2014 iliyounda KNQA, mamlaka ya kusimamia sifa za kitaaluma, njia ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa nayo imekuwa ikijengwa. Na wewe mwajiri unalipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na unaweza kudai urudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ninaokutana nao wengi wanalipa miaka nenda miaka rudi na hawajadai hata mara moja. Wakati huohuo wanalalamika kwamba hakuna anayefunza vijana.

Takwimu za KNBS, ofisi ya takwimu ya taifa, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo kidogo, iko kwenye sekta isiyo rasmi. Ukidai barua ya kampuni kubwa, umewafungia mlango wafanyakazi wengi wa nchi hii kabla ya kumwona hata mmoja. Halafu unashangaa ukumbi ni mtupu.

Kuna jambo jipya limenipa nguvu zaidi kwenye hoja hii. Tangu programu za akili mnemba zienee, barua za maombi zimekuwa pacha. Kila mtu ni "mchapakazi mwenye shauku na anayezingatia matokeo". Nasoma kumi mfululizo na siwezi kukuambia nani ni nani. Siwalaumu vijana, waajiri walidai maneno, nao wametafuta mashine ya maneno. Lakini bomba lililopasuliwa katikati hakuna programu inayoweza kumwandikia mtu.

Unayetafuta kazi, nakusihi: picha za kazi zako zihifadhi kwenye simu. Kiungo kwa karibu, ndani na nje kama inawezekana, na kando yake andika chuma gani, unene gani, njia gani. Mtu akiniandikia kwenye WhatsApp "Madamu, hili tangi ni la lita 200, chuma cha milimita moja na nusu, TIG", nampigia siku hiyohiyo.

Jaribio nalo lina mapungufu, na yananikosesha usingizi. Halinionyeshi kama mtu atafika Jumatatu baada ya mshahara. Kwa hilo nategemea kipindi cha majaribio, ambacho sheria inakiruhusu hadi miezi sita, na hata hapo nimekosea. Kuna wanaotetemeka wakitazamwa. Mwaka huu tumemwacha mmoja ambaye bado simuondoi akilini, maana mikono ilikuwa inatetemeka lakini hatua zake zote zilikuwa sawa. Na wanawake wanaokuja ni wachache mno. Nimebadilisha maneno ya matangazo, nimepeleka habari vyuoni, bado ni wachache. Nashuku wengi wanakatwa mapema, kule kwenye karakana ambako bosi humwambia binti akae kwenye risiti, na jaribio langu linakuja wakati ameshanyang'anywa miaka ya mazoezi. Dawa yake sijaipata.

Tena kuna neno ambalo mameneja hawapendi kulisikia, kwa hiyo huwa nalisema mwisho wa mazungumzo, tukiwa tumesimama. Hakuna mafundi kwa mshahara gani? Mchomeleaji wa TIG aliyekomaa anatafutwa hadi nchi za Ghuba. Kariobangi analipwa kwa kazi, na wiki nzuri inampa zaidi ya mshahara wa mwezi unaompa wewe ukiugawa kwa nne. Ukimpa kibarua cha siku kwa siku, mwezi baada ya mwezi, ili usimwandikie mkataba, kwanza unaikaribia Sheria ya Ajira kwa ubaya, kwa sababu kifungu cha 37 kinamtambua mtu wa namna hiyo kama mfanyakazi wa mwezi. Pili, ataondoka siku atakapopigiwa simu na mwingine. Ameondoka kwa akili timamu.

Meneja wangu wa Jumatatu nilimrudishia tangazo likiwa na mistari mitano: kazi, chuma, njia ya kuchomelea, mshahara, siku ya jaribio. Jana jioni amelirudisha. Digrii ameifuta. Umri ameufuta. Mshahara ameuacha kama nilivyoandika, na kwa hilo namshukuru kwa dhati. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, ameongeza: UZOEFU WA MIAKA MITANO.

Nimempigia simu. Jumatano anakuja kusimama kando ya meza pamoja na Mzee, kutoka diski ya kwanza hadi bomba la mwisho, na mpaka hapo tangazo halitoki.