Heathrow haikuwa uwanja wa jeshi kama tulivyozoea kusikia

Jamani hii stori kwamba Heathrow ya London ilikuwa kambi ya ndege za kivita halafu vita vilipoisha raia wakapewa, imezunguka miaka mingi sana ila sio kweli, ngoja niielezee taratibu. Kabla ya vita pale palikuwa na kijiji kidogo kinaitwa Heath Row, mashamba ya mboga na matunda, na kiwanja cha majani cha kampuni ya Fairey cha kujaribia ndege toka 1930. Mwaka 1944 serikali ikachukua ardhi kwa sheria za dharura za vita, eti jeshi la anga linahitaji uwanja wa ndege za masafa marefu, nyumba zikabomolewa. Ila mwaka 1973 Harold Balfour, aliyekuwa naibu waziri wa mambo ya anga, alikiri mwenyewe kwamba lengo toka mwanzo lilikuwa uwanja wa raia, hoja ya jeshi ilitumika tu kukwepa uchunguzi wa wazi, na kwa kweli hapo ndo panaponiuma, wakulima hawakupewa hata nafasi ya kujitetea. Januari 1, 1946 ukakabidhiwa wizara ya usafiri wa anga, jeshi hata halijauanza kuutumia, na abiria wa mwanzo walisubiria kwenye mahema ya jeshi, ndani viti vya sofa na vesi za maua.