Kwa nini ndege huchukua muda mrefu zaidi kwenda New York kuliko kurudi London?

Kati ya uwanja wa Heathrow ulioko London na ule wa John F. Kennedy ulioko New York kuna takriban kilomita 5,540, na umbali huo haubadiliki uanzie upande wowote. Hata hivyo, abiria anayeondoka London saa 4 asubuhi hufika New York yapata saa 7 mchana kwa saa za huko, ambazo kwa kawaida ziko nyuma kwa saa 5, kwa hiyo amesafiri saa 8. Akiondoka New York saa 2 usiku, atatua London yapata saa 2 asubuhi, na safari hiyo imemchukua saa 7 tu.

Wengi hudhani kwamba sababu ni Dunia kujizungusha chini ya ndege. Sivyo, kwa kuwa hewa nayo huzunguka pamoja na Dunia, na ndege huelea ndani ya hewa hiyo. Sababu yenyewe ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege kubwa za abiria hupita, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya hewa ya kusini na ile ya ncha ya kaskazini, na mzunguko wa Dunia ndio unaoipindisha kuelekea mashariki (hapo tu ndipo wenye dhana ile ya kwanza wanapata sehemu ya haki yao). Majira ya baridi tofauti hiyo ya joto huongezeka, na upepo nao hushika kasi.

Mnamo Februari 2020, ndege aina ya Boeing 747 iliyosukumwa na upepo wa dhoruba ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Ikipimwa kwa ardhi iliyokuwa chini yake, kasi yake ilizidi kilomita 1,300 kwa saa, lakini haikuvuka kasi ya sauti, kwa sababu kasi hiyo hupimwa kwa hewa inayoizunguka ndege, na hewa yenyewe ilikuwa ikikimbia.

Mtu angetarajia kwamba muda unaookolewa wakati wa kwenda mashariki ungefidia ule unaopotea wakati wa kurudi. Haiwi hivyo. Tuchukue ndege yenye kasi ya kilomita 900 kwa saa na upepo wa kilomita 150 kwa saa: ikisukumwa itatumia saa 5 na dakika 17, ikipingwa itatumia saa 7 na dakika 23. Jumla ni saa 12 na dakika 40, ilhali bila upepo wowote ingetumia saa 12 na dakika 19, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ule unaoisaidia.

Ndiyo maana njia za angani juu ya Atlantiki ya Kaskazini hupangwa upya kila siku kwa kufuata utabiri wa upepo. Zinazoelekea mashariki huufuata mkondo, zinazoelekea magharibi huukwepa, hata kama kuukwepa kunaongeza kilomita juu ya zile 5,540.