Majaribio ya vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda: yana maana gani?

Majaribio ya kitabibu ni kipindi ambacho dawa iliyokwisha kupita maabara na kwa wanyama hupewa binadamu, hatua kwa hatua na chini ya uangalizi, ili ijulikane inamfaa nani, kwa dozi ipi na kwa madhara gani. Kwa vidonge vya kuzuia damu kuganda kazi hiyo ina ugumu wake. Dozi ikipungua, bonge la damu hujitengeneza kwenye mshipa wa mguu na kusafiri hadi mapafuni, au hutoka moyoni likaziba mshipa wa ubongo. Dozi ikizidi, mgonjwa huvuja damu tumboni au kichwani. Nafasi iliyobaki katikati ni finyu, na ndiyo inayotafutwa miaka yote ya majaribio.

Kwa zaidi ya nusu karne kidonge kikuu kilikuwa warfarini, iliyoidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954. Inazuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu. Inafanya kazi vizuri sana, lakini mboga za majani, antibayotiki na dawa nyingine nyingi huipandisha au kuishusha nguvu, kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara ili kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kibaki kati ya 2 na 3. Watafiti walitaka kidonge kinachoshika protini moja tu ya kugandisha damu moja kwa moja, ama thrombini au fakta Xa, chenye dozi isiyobadilikabadilika na kisichohitaji vipimo hivyo vya kila mara.

Cha kwanza kufika mbali kilikuwa zimelagatrani, na kilianguka. Kilipotumika kwa siku chache baada ya upasuaji wa nyonga na goti kilionekana salama, hata Ulaya ikakiidhinisha kwa matumizi hayo mafupi. Wagonjwa walipokitumia kwa miezi, takriban 6 katika kila 100 vimeng'enya vyao vya ini vilipanda kwenye damu kupita mara tatu ya kiwango cha kawaida, dalili kwamba ini linaumia. Marekani ilikikataa mwaka 2004, na mwaka 2006 kiliondolewa sokoni. Tangu hapo ini likawa linafuatiliwa kwa karibu katika majaribio ya kila kidonge kilichofuata, na sioni jinsi mtu angeweza kuhalalisha vinginevyo.

Awamu ya kwanza hufanyika kwa watu wachache, kwa kawaida wenye afya, kuona dawa inakaa mwilini muda gani na inatolewa kupitia kiungo gani. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba dabigatrani, kidonge kinachoshika thrombini, hutoka kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 80, kupitia figo, jambo linaloamua hadi leo nani apewe na nani asipewe. Awamu ya pili hutafuta dozi. Vidonge hivi vilianzia kwa waliobadilishiwa nyonga au goti kwa sababu kwao mabonge hutokea kwa wingi na ndani ya siku chache, na huonekana kwenye picha ya mishipa hata kabla mguu haujavimba. Wagonjwa mia chache wanatosha kutofautisha dozi dhaifu na dozi ya hatari.

Awamu ya tatu ni hesabu ya namna nyingine kabisa. Wenye mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ambao damu hutuama na kuganda humo, wakiwa kwenye warfarini hupata kiharusi mara chache: katika jaribio la RE-LY la mwaka 2009 ilikuwa asilimia 1.69 kwa mwaka. Kwa kiwango kidogo kiasi hicho, tofauti kati ya dawa mbili haionekani bila maelfu ya watu. Ndiyo maana RE-LY iliandikisha wagonjwa 18,113 kwa dabigatrani, ROCKET AF 14,264 kwa rivaroksabani, ARISTOTLE 18,201 kwa apiksabani na ENGAGE AF 21,105 kwa edoksabani, hivi vitatu vya mwisho vikishika fakta Xa.

Kumpa mgonjwa wa aina hii kidonge kisicho na dawa ungekuwa ukatili, maana warfarini hupunguza kiharusi kwa takriban theluthi mbili. Kwa hiyo swali la kwanza likawa: je, dawa mpya si duni kuliko ya zamani kupita mpaka uliowekwa kabla ya kuanza? Ikivuka hapo, ndipo huulizwa kama ni bora. Katika RE-LY dozi ya miligramu 150 mara mbili kwa siku ilishusha kiharusi na mabonge mwilini hadi asilimia 1.11 kwa mwaka. Dozi ya 110 ililingana na warfarini, ila wagonjwa wake walivuja damu nyingi mara chache zaidi. Dawa ni ileile, lakini kila dozi imejibu hatari yake.

Ugumu mwingine ni kuficha nani anapewa nini, wakati warfarini yenyewe hujitangaza kwenye INR. RE-LY haikuificha. ROCKET AF iliificha: kila mgonjwa alimeza vidonge vya aina mbili, kimoja kikiwa hakina dawa, na kifaa cha kupimia damu hakikuonyesha INR bali namba ya siri. Namba hiyo ilitumwa kwenye kituo cha jaribio, kikarudisha INR halisi kwa aliye kwenye warfarini, na INR ya kutungwa kwa aliye kwenye rivaroksabani, daktari akabadilisha dozi ya kidonge kisicho na kitu. Nauheshimu sana ubunifu huo. Hata hivyo waliopewa warfarini humo walikaa kwenye kiwango sahihi asilimia 55 tu ya muda, na ushindi dhidi ya warfarini isiyosimamiwa vizuri lazima usomwe kwa uangalifu.

Na matokeo hayahami kutoka kundi moja la wagonjwa kwenda jingine. Dabigatrani ilipojaribiwa kwa wenye valvu za moyo za chuma, jaribio lilisimamishwa: kiharusi kiliwapata wagonjwa 9 waliokuwa wakiitumia, na hakuna hata mmoja upande wa warfarini. Mwaka 2022 jaribio la INVICTUS, lililofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lilionyesha kwamba wenye mpapatiko huo pamoja na valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki walikufa wachache zaidi wakiwa kwenye dawa za kundi la warfarini kuliko kwenye rivaroksabani. Bila kuwaandikisha wagonjwa hao wenyewe, wangepewa kidonge kipya kwa kudhaniwa tu.

Sasa kipimo cha kulinganishia kimehama kutoka warfarini kwenda kwenye vidonge hivi. Waliozaliwa na upungufu wa fakta XI, protini nyingine ya kugandisha damu, hupata mabonge kidogo na kwa kawaida hawavuji damu ovyo, hivyo asundeksiani ikatengenezwa kuizuia protini hiyo. Ilishindanishwa na apiksabani katika OCEANIC-AF kwa watu 14,810, na jaribio likakatishwa Novemba 2023. Damu nyingi iliwavuja asilimia 0.2 ya waliopewa asundeksiani dhidi ya 0.7 ya waliopewa apiksabani, lakini kiharusi au bonge mwilini viliwapata asilimia 1.3 dhidi ya 0.4. Kampuni iliyoitengeneza iliendelea kuijaribu kwa waliokwisha kupata kiharusi kisichotokana na bonge la moyoni, ambao waliongezewa asundeksiani juu ya dawa za kuzuia chembe sahani kushikamana, kama aspirini.