Sheawea si kila programu ya bure

Sheawea ni programu unayoruhusiwa kuinakili, kuijaribu na kumpa mwenzako, kwa sharti kwamba ukiendelea kuitumia umlipe aliyeiandika. Siku hizi jina hilo linabandikwa kwenye chochote kinachopakuliwa bila pesa, hata programu iliyovunjwa ufunguo, yaani kinga iliyowekwa ili isitumike bila kulipiwa. Linachanganywa zaidi na friwea, ambayo leo maana yake ni programu isiyodai malipo, na mchanganyiko huo una historia.

Mwaka 1982 Andrew Fluegelman wa Tiburon, California, aliandika PC-Talk, programu ya kuwasiliana kati ya kompyuta kupitia laini ya simu. Ulimpelekea diski tupu iliyokwisha fomatiwa (kuandaliwa kuhifadhi data) pamoja na bahasha yenye stempu, akakurudishia programu. Ukiipenda, ulimtumia dola 25. Mpango huo aliuita friwea, na jina akalisajili kuwa alama yake ya biashara. Kwa hiyo friwea ya kwanza ilikuwa inaombewa malipo! Wakati huohuo Jim Knopf, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM jimboni Washington, alikuwa akisambaza PC-File, programu ya kutunza kumbukumbu, kwa utaratibu unaofanana. Wawili hao wakakubaliana kutangaziana programu na kuomba kiasi kilekile. Ila friwea ilikuwa na mwenyewe, na waandishi wengine walihitaji jina jingine.

Aliyelieneza jina la sheawea ni Bob Wallace, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo wa Microsoft. Aliondoka huko mwaka 1983, akaanzisha Quicksoft na kutoa PC-Write, programu ya kuandikia. Diski ilikuwa dola 10, na kunakili ruksa. Usajili ulikuwa dola 75: ulipata kitabu cha maelezo, msaada kwa simu, na nakala yenye namba yako mwenyewe. Mtu akinakili kutoka kwako, naye akajisajili kwa kutaja namba hiyo, Wallace alikulipa dola 25. Kugawa diski ndiko kulikokuwa kuuza kwenyewe, na deni la mtumiaji lilibaki palepale.

Programu huria ni habari nyingine kabisa. Kipimo chake ni haki ya kusoma, kubadili na kusambaza msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu; bei haihusiki.

Basi kabla ya kuipa programu jina, fungua faili la README, lile la maelezo linalokuja na programu, usome masharti. Ikidai malipo baada ya majaribio, hiyo ni sheawea. Ikiwa msimbo umefichwa lakini haidai chochote, iite friwea kwa maana ya leo. Iliyovunjwa ufunguo ni nakala haramu, hata kama ilianza maisha yake kama sheawea.