Kufungwa kwa Hanford Hakukuondoa Sumu Yake
Wengi hudhani kwamba kiwanda cha silaha za nyuklia kikishafungwa, hatari yake huisha. Sivyo. Hanford, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ndiko ilikotengenezwa plutoniamu (metali yenye mionzi) ya bomu lililoangushwa Nagasaki mwaka 1945, na ingawa kinu chake cha mwisho kilizimwa mwaka 1987, takriban lita milioni 200 za taka zenye mionzi zilibaki katika matangi 177 yaliyofukiwa ardhini, ambayo baadhi yake yamevuja na kuchafua udongo. Maji ya chini ya ardhi, nayo pia yaliyochafuliwa, huelekea mto Columbia, ambao Wawanapum, wenyeji wa asili wa eneo hilo waliohamishwa hapo mwaka 1943, waliutegemea kwa samaki. Plutoniamu huchukua takriban miaka 24,000 kupungua nusu tu.