Kwa nini namba ziko kulia mwa kibodi: kazi ya Betty Holberton

Mhasibu anayeingiza tarakimu kutwa nzima hagusi namba za safu ya juu ya kibodi. Mkono wake wa kulia unatua kwenye fungu dogo la vitufe vya pembeni, namba zimepangwa kama za kikokotoo. Anayetajwa kuwa ndiye aliyeshauri namba ziwekwe hapo, kando ya herufi, ni Betty Holberton, alipokuwa kwenye kazi ya kutengeneza kompyuta ya UNIVAC mjini Philadelphia. Ukiangalia mengine aliyoyafanya, hili ni dogo. Ila ndiyo tabia yake yote: akiona mashine inamsumbua mtu, anaigeuza mashine.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 7 Machi 1917, jina lake Frances Elizabeth Snyder. Siku ya kwanza darasani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, profesa wa hisabati alimuuliza kama isingekuwa heri akae nyumbani alee watoto. Akaenda kusoma uandishi wa habari. Kilichomrudisha kwenye hesabu ni Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la Marekani lilitaka majedwali ya kulengea mizinga, wanaume walikuwa vitani, na kitivo cha uhandisi cha chuo hichohicho, Moore School, kikaajiri wanawake wa kukokotoa. Walioifanya kazi hiyo ndio walioitwa "computer". Neno lilikuwa la mtu kabla halijawa la chombo.

Njia ya kombora linaloruka kwa sekunde 60 ilimchukua mtu stadi mwenye kikokotoo cha mezani kama saa 20, na jedwali moja lilihitaji njia nyingi za namna hiyo. Kompyuta ya ENIAC ilijengwa ili kuondoa mzigo huo. Hesabu ileile iliimaliza kwa sekunde 30, kombora likiwa bado angani.

Mwaka 1945 Betty alichaguliwa kuipangia kazi mashine hiyo pamoja na wenzake watano: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. ENIAC ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000, jamaa za zile za redio za zamani zilizosubiriwa zipate moto ndipo sauti itoke. Ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi na ilijumlisha mara 5,000 kwa sekunde. Skrini hapana, kibodi hapana, lugha ya programu hapana.

Programu ilikuwa nyaya na swichi. Ndani ya ENIAC mlikuwa na vijumlishi 20, kila kimoja kikishika namba ya tarakimu 10. Kuhamisha namba kutoka kijumlishi kimoja hadi kingine, unachomeka njia ya kupitisha tarakimu, unachomeka nyingine ya kupitisha ishara ya kuanza, kisha unageuza swichi: huku kutuma, kule kupokea. Kinachomaliza hutoa ishara ya kukiamsha kinachofuata. Waya ukiingia tundu lisilo lake, si lazima mashine igome. Yaweza kukupa jibu potofu kwa kasi ileile. Kupanga tatizo jipya kulikula siku kadhaa, pengine wiki, kwa hesabu ya sekunde chache. Kitabu cha maelekezo hakikuwapo. Tena mwanzoni wanawake hao hawakuwa na kibali cha usalama cha kuingia chumbani, kwa hiyo mashine waliisoma kwenye michoro ya saketi na kwa kuwauliza wahandisi.

Kosa utalitafutaje kwenye msitu wa nyaya? Betty alichomoa waya wa ishara mahali alipopashuku. Kazi ikasimama hapo hapo, naye akasoma kwenye vitaa vya vijumlishi namba zilizofikiwa. Zikiwa sawa, kosa liko mbele. Zikiwa na walakini, liko nyuma. Waandishi wa programu hufanya hivyo hadi leo, na kituo hicho bado wanakiita "break point", ingawa waya wa kukata haupo tena.

Februari 1946, karibu na siku ya kuionyesha ENIAC hadharani, programu ya kombora aliyoiandaa na Jean Jennings ilikuwa na kasoro moja: kombora lilifika ardhini likaendelea kuchimba. Walihangaika hadi usiku bila kuipata. Asubuhi Betty aliingia, akageuza swichi moja, ikapona. Hesabu ya marudio ilikuwa imepishana kwa moja tu, kosa ambalo mwanafunzi yeyote wa programu atalifanya kabla wiki yake ya kwanza haijaisha. Maonyesho ya tarehe 15 yalifana. Kwenye chakula cha jioni cha kusherehekea, wanawake hao hawakualikwa.

Baadaye, kwenye UNIVAC, ndipo alipoacha alama kubwa zaidi. Katika seti ya maagizo ya C-10 alitumia herufi badala ya namba tupu: A kwa "add", jumlisha, B kwa "bring", leta, H kwa "hold", hifadhi huku ukibaki nayo. Basi B 100, A 101, H 102 maana yake: leta kilichomo kwenye nafasi ya 100 ya kumbukumbu, ongeza cha 101, weka jibu 102. Mtu aliyechoka hukosea namba upesi kuliko herufi inayomkumbusha neno.

Kisha tatizo la kupanga rekodi. Kumbukumbu ya UNIVAC ilibeba maneno 1,000 ya herufi 12, yaani herufi 12,000 basi, na majalada yalikuwa kwenye kanda za sumaku. Huwezi kupakia jalada lote ukalipanga. Unasoma kipande, unakipanga, unakiandika kwenye kanda; halafu unachukua kanda mbili zilizopangwa, unalinganisha rekodi za mbele, ndogo inatangulia, hadi ibaki kanda moja. Kila jalada lenye urefu tofauti wa rekodi lilidai programu mpya. Betty aliandika programu ambayo ukiipa urefu wa rekodi na mahali ufunguo ulipo, yaani sehemu ya rekodi inayofuatwa katika kupanga, inakuandikia programu ya kupanga. Mashine kuandika programu! Grace Hopper, aliyefanya naye kazi, alilichukua wazo hilo mbali.

Aliandika pia programu ya takwimu kwa ajili ya sensa ya Marekani ya 1950, na akawashawishi wahandisi waache kupaka UNIVAC rangi nyeusi.

Kuanzia 1953 alifanya kazi kwenye maabara ya jeshi la majini huko Maryland, akashiriki kamati iliyozaa lugha ya programu ya COBOL, kisha akahamia taasisi ya taifa ya viwango kushughulikia viwango vya lugha nyingine, Fortran, hadi 1983. Miaka hiyo, watu walioziona picha za wanawake wa ENIAC walidhani ni warembo waliowekwa kupamba mashine. Tuzo zilimfikia 1997, akiwa na miaka 80. Alifariki tarehe 8 Desemba 2001.