Je, wajua kwa nini sura ya kigoda inaweza kuwa na mwenyewe?

Kigoda cha mninga kilichochongwa Tabora asubuhi kinaweza kutazamwa na mtu wa Texas siku hiyo hiyo. Fundi anakipiga msasa, anakipaka vanishi, mwanawe anakipiga picha na kuitupia Instagram. Chini ya picha watu wanaanza: "Bei gani?" "Dar mnatuma?" "Nicheki WhatsApp." Baada ya muda, kigoda chenye miguu iliyokunjwa vile vile kinaonekana kwenye ukurasa wa mtu mwingine kabisa, kimechongwa Mwanza, au kimetoka kiwandani China kikiwa cha plastiki iliyotiwa rangi ya mbao.

Fundi wa kwanza akilalamika, jirani atamwambia: kwani wewe ndiye uliyegundua kigoda? Jirani ana hoja. Watu wa Unyamwezi walikalia vigoda muda mrefu kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Ila fundi naye ana hoja, maana ule mkunjo wa miguu hakuna aliyewahi kuuchonga kabla yake. Swali liko hapo katikati: je, mtu anaweza kumiliki sura ya kitu ambacho chenyewe ni cha wote?

Marekani walijibu ndiyo tangu tarehe 29 Agosti 1842, bunge lao lilipoanzisha hataza ya umbo, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiuze kitu chenye sura yako. Hataza tuliyoizoea kuisikia, ya uvumbuzi, inalinda jinsi kitu kinavyofanya kazi. Hataza ya umbo inalinda kinavyoonekana, basi. Ya kwanza kabisa alipewa George Bruce wa New York, Novemba mwaka huo huo, kwa herufi za kupigia chapa. Mwaka 1879 mchongaji Mfaransa Bartholdi aliichukulia hataza ya umbo Sanamu ya Uhuru, miaka kadhaa kabla haijasimama pale bandarini New York. Siku hizi hataza hiyo hudumu miaka 15 kuanzia siku inapotolewa, na ukishaipata hudaiwi ada ya kuihuisha.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi inavyoandikwa. Hataza ya uvumbuzi hujaa maelezo kurasa kwa kurasa. Ya umbo ina dai la sentensi moja tu, linalosema kwa ufupi kwamba ninadai umbo la urembo la kigoda kama linavyoonekana kwenye michoro. Kazi yote inafanywa na michoro: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini, na mmoja wa pembeni unaoonyesha kitu kizima. Mchoraji akikosea mstari, amekosea haki yako.

Na kuna ujanja ndani ya mistari hiyo. Mstari mzima maana yake "hiki nakidai". Mstari wa kukatika-katika maana yake "hiki kipo, lakini sikidai". Fundi akichora kigoda chote kwa mistari mizima, anayeiga miguu na kubadilisha kikalio anaweza kuponyoka. Akichora miguu peke yake kwa mistari mizima na kikalio kwa mistari ya kukatika, amedai ule mkunjo wa miguu, uwe chini ya kikalio cha duara au cha mraba. Wanasheria wa kampuni kubwa huchukua hataza kadhaa kwa kitu kimoja kwa njia hii, kipande kwa kipande.

Kuna mpaka ambao hauvukwi. Umbo likiwa limelazimishwa na kazi, halilindwi. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde, na ndiyo maana wazee walikichonga hivyo. Hapo miguu mitatu ni ufundi wa kazi, na hakuna wa kuihodhi kama urembo. Kinachobaki kwa fundi ni namna alivyoikunja, alivyoipunguza unene katikati, alivyoimalizia kwa chini.

Sasa nani anaamua kwamba kigoda hiki kimeigwa kutoka kile? Wengi wangesema aitwe fundi seremala, mtu wa tezo na randa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hivyo mwaka 1871, katika kesi ya kampuni ya Gorham dhidi ya White. Ugomvi ulikuwa juu ya mishikio ya vijiko na uma. Gorham walikuwa na hataza ya mwaka 1861. White aliuza vijiko na uma vyenye mishikio inayofanana nayo, ikiwa na tofauti ndogo ndogo ambazo mtu wa kazi hiyo angeziona mara moja. Mahakama ikasema jicho linalohesabika ni la mnunuzi wa kawaida, anayetazama kwa umakini wa kawaida wa mtu anayenunua. Kama mfanano unaweza kumfanya anunue hiki akidhani ni kile, haki imevunjwa. Mantiki yake naipenda, kwa sababu mwigaji hakopi ili kumdanganya fundi mwenzake. Anamlenga yule anayepitisha kidole kwenye simu.

Mwaka 2008, katika kesi iliyohusu kifaa cha kung'arishia kucha, mahakama ya rufaa iliongeza jambo ambalo mafundi wa vitu vya kila siku walipaswa kulijua mapema: mnunuzi huyo wa kawaida anachukuliwa kuwa anayajua maumbo yaliyotangulia. Duniani kuna vigoda maelfu kwa maelfu. Pale palipojaa maumbo ya zamani, tofauti ndogo inatosha kumwokoa mwigaji, na ulinzi wa mwenye hataza unakuwa mwembamba. Kikapu kinachofanana na vikapu vingine vyote hakitakupa haki kubwa hata ukikisajili.

Kuhusu fidia, kisa chake kinawahusu wafuma mikeka kuliko wanavyodhani. Mwaka 1885 kampuni ya mazulia ya Hartford ilikuwa imewashinda akina Dobson waliowaigia mapambo ya zulia lao. Walipofika Mahakama ya Juu, fidia ikashushwa hadi senti sita. Sababu ilikuwa kwamba kampuni haikuweza kuthibitisha ni sehemu gani ya faida ilitokana na mapambo, na ni ipi iliyotokana na zulia lenyewe, uzito wake na nyuzi zake. Hebu jaribu kufanya hesabu hiyo kwa mkeka: katika shilingi anayolipa mteja, ngapi ni za ukili na ngapi ni za nakshi? Haiwezekani. Bunge lilikasirika, na mwaka 1887 likapitisha sheria kwamba mwigaji atoe faida yake yote, na isipungue dola 250. Kiwango hicho cha chini bado ni dola 250 mpaka leo, ingawa dola ya 1887 na ya sasa si ndugu. Ni sheria hiyo ya mazulia iliyowafikisha Apple na Samsung mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 2016 kugombania sura ya simu. Mahakama ikasema "faida yote" inaweza kuhesabiwa kwenye sehemu ya kitu, si lazima kitu kizima.

Mpaka hapa sheria inasikika kama rafiki wa fundi. Lakini ina upande ambao wauzaji wadogo hukutana nao kwa mshtuko. Hataza ya umbo haiulizi kama uliiga. Kwenye hakimiliki, anayekushitaki lazima aonyeshe kwamba ulichukua kutoka kwake. Kwenye hataza ya umbo, hata kama hujawahi kuona kazi yake, hata kama umbo lilikujia ukiwa umekaa chini ya mwembe Isevya, Tabora, mradi vinafanana kwa jicho la mnunuzi na yeye ana karatasi, wewe ndiye mkosaji ukiuza au kuingiza bidhaa hiyo Marekani. Masoko makubwa ya mtandaoni hayangoji hukumu. Mwenye hataza anatuma malalamiko na namba yake, tangazo lako linaondolewa, na kazi ya kujieleza inabaki kwako, kwa Kiingereza, na saa zao na zako zikiwa zimepishana.

Kampuni ya Crocs ilifanya hivyo kwa ukubwa. Hataza ya umbo la vile viatu vyake vya matundu ilitolewa mwaka 2006, na mwaka huo huo ikaenda kwenye Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani kutaka viatu vinavyofanana navyo vizuiwe kuingia nchini. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilikubaliana na Crocs kwamba haki yake ilivunjwa. Hapa kwetu viatu vya namna hiyo viliendelea kumwagwa sokoni kwa mafungu, na hakuna aliyevunja sheria ya Marekani kwa kuvivaa Tabora. Hataza inaishia kwenye mpaka wa nchi iliyoitoa. Kigoda kinachokwenda Nzega hakihusiki nayo. Kinachopakiwa kwenda Houston kinahusika.

Je, basi mtu wa mbali anaweza kuchukua kigoda cha kale cha Wanyamwezi akakisajili kiwe chake? Kisheria hapana, kwa kuwa umbo lazima liwe jipya. Ila maana ya "jipya" imebadilika. Kabla ya tarehe 16 Machi 2013, sheria ya Marekani ilihesabu maandishi na hataza za popote duniani, lakini kuuzwa au kutumika hadharani kulihesabiwa kama kulitokea ndani ya Marekani tu. Kitu kilichouzwa sokoni Tabora miaka mia bila kuandikwa popote, mbele ya sheria ile, kilikuwa kama hakijawahi kuwepo. Naiona kuwa dharau iliyovaa suti. Tangu siku hiyo, kuuzwa au kuonekana hadharani popote duniani kunatosha kuzuia.

Kinachobaki ni ushahidi, na hapo ndipo mambo ya ajabu yanapoanza kusaidia. Makumbusho ya Berlin yana kigoda cha mtemi kutoka Unyamwezi chenye egemeo refu lililochongwa umbo la mtu, kilichochukuliwa mwishoni mwa karne ya 19, na picha zake zimechapishwa mara nyingi. Kuondoka kwake ni habari nyingine na chungu. Kwa swali letu lakini, picha zile ni kizuizi tosha kwa yeyote atakayedai kwamba umbo hilo kalibuni yeye. Vivyo hivyo picha yenye tarehe kwenye ukurasa wa fundi wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora: akija mtu na hataza iliyoombwa baada ya picha hiyo, picha inaweza kuiangusha.

Picha hiyo hiyo inamkata na fundi mwenyewe. Ukishaionyesha kazi hadharani, si mpya tena. Marekani wanakupa miezi 12 tangu siku uliyoionyesha uwe umewasilisha ombi. Umoja wa Ulaya nao wanatoa miezi 12. China, ambako nakala nyingi hutengenezwa, huruma hiyo ipo kwa hali chache tu, kama maonyesho fulani yanayotambuliwa na serikali, na picha uliyoirusha mwenyewe ili upate wateja haimo. Kwa hiyo biashara ya mtandaoni ina mtego ndani yake: bila kuonyesha huuzi, na ukionyesha saa inaanza kuhesabu. Wengi husubiri waone kama bidhaa itapendwa ndipo wafikirie usajili. Si ujinga huo, kwani nani atalipia mwanasheria na mchoraji kwa kigoda ambacho pengine hakitanunuliwa? Ila ile miezi 12 haiongezwi.

Nyumbani hali ni ya viraka. Sheria ya Hataza ya Tanzania Bara ya mwaka 1987, inayosimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni ya uvumbuzi zaidi kuliko sura. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2008 inayotaja maumbo ya bidhaa waziwazi. Nchi yetu imo pia kwenye ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi za Afrika, lenye makao yake Harare, na Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 inaruhusu ombi moja la kusajili umbo lielekezwe kwa nchi wanachama zaidi ya moja. Kwa nchi zenye maendeleo madogo zaidi, Tanzania ikiwemo, Shirika la Biashara Duniani limeongeza muda wa kutimiza masharti ya miliki ubunifu hadi tarehe 1 Julai 2034, kwa hiyo haraka ya kushona viraka hivyo si kubwa.

Njia ya karibu zaidi kwa fundi wa Tabora ni hakimiliki. Sheria ya mwaka 1999 inazitambua kazi za sanaa tumizi, zikiwemo za mikono, na haki huzaliwa pale kazi inapokamilika. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi mkononi. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, hivyo hakimiliki hiyo inatambuliwa na Marekani pia. Ila Wamarekani hutenganisha. Twiga uliyemchonga juu ya kikalio ni sanaa, analindwa kwa hakimiliki. Mkunjo wa miguu inayobeba mkaaji ni sehemu ya kitu cha matumizi, na huo unahitaji hataza ya umbo. Kigoda kimoja, haki mbili, ofisi mbili. Aliyeanza kwa kuwasilisha ombi la umbo katika nchi nyingine ya Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa hataza na maumbo, ana miezi 6 ya kuwasilisha Marekani akihesabiwa kuwa aliomba tangu siku ile ya kwanza.